Nyuzi Kumi na Sita

Kwa miaka mingi nimesoma katika gazeti hili maandiko ya walimu wenzangu juu ya kilimo, malezi ya watoto na desturi za wazee, nami sikupata kuandika hata neno moja. Leo nimeshika kalamu kwa kuwa nina deni. Si deni la fedha. Ni deni la marehemu, na marehemu hadai. Ndiyo maana limenilemea.

Shuleni petu tulikuwa walimu wanne tulioimba pamoja. Hatukuwa na jina. Watu walituita Wale Wanne, basi. Tuliimba arusini na matangani, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tuliimba kanisani. Mimi nilishika sauti ya kwanza, ile ya juu ichukuayo wimbo wenyewe. Mwenzangu wa pili alinifuata chini yangu. Sauti ya tatu ilishikwa na mwalimu mkubwa kuliko sote kwa umri, nasi tulimwita Mzee. Wa nne, mtu wa kifua kipana, alishika besi. Watu walipotoka kanisani walinishika mkono mimi, wakaisifu sauti yangu. Mzee hakushikwa mkono na mtu, wala hakuonekana kulijali jambo hilo. Alichukua baiskeli yake akaenda zake nyumbani.

Mwaka juzi, wakati wa masika, Mzee akafariki. Siku ya maziko tukaimba watatu kaburini. Msomaji, sijapata kuona aibu kama ile. Maneno yalikuwa yale yale, nami sikukosea noti hata moja, wala wenzangu hawakukosea. Lakini wimbo ulikuwa kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati. Paa lipo, kuta zipo, na kila mtu aogopa kuingia.

Miezi michache baadaye akaletwa shuleni mwalimu kijana mwenye sauti ya juu, safi. Wale wenzangu wawili wakanijia jioni moja wakasema, "Mwalimu, huyu kijana hawezi kushuka chini, na wewe waweza. Mpe sauti ya kwanza, nawe shika ya Mzee, ili tuwe wanne tena." Nikakasirika. Nikawajibu maneno ambayo sitaki kuyaandika hapa. Tangu siku ile tukasalimiana kwa heshima kila asubuhi, tukafundisha, na kuimba hatukuimba tena muda wa miezi saba.

Hata usiku mmoja nilikuwa nikisahihisha madaftari ya watoto, na redio ikilia kwa sauti ndogo. Mara nikasikia wimbo niujuao, wimbo ambao Wakristo wa nchi nyingi huuimba kanisani, nasi twauimba. Lakini haukuimbwa kwa maneno; ulipigwa kwa nyuzi tupu. Nikaweka kalamu chini. Ulipokwisha, msemaji wa redio akasema kwamba wimbo ulitungwa na Joseph Haydn, na waliopiga ni Kwarteti ya Amadeus. Sikuwajua. Siku zilizofuata nikatafuta habari zao, na hizo ndizo nitakazo kuwasimulia, kwa kuwa ndizo zilizonivunja moyo wangu mgumu.

Kwanza nieleze kwarteti ni nini. Ni kundi la watu wanne wapigao ala za nyuzi. Wawili wana fidla, ile ile waijuayo watu wa Unguja na Mombasa katika taarabu. Wa tatu ana viola, ndugu yake fidla, kubwa kidogo, na sauti yake imeshuka chini zaidi. Wa nne ana chelo, kubwa sana, ambayo mpigaji huishika baina ya magoti naye ameketi. Kila ala ina nyuzi 4, basi jumla yake nyuzi 16, nazo hupigwa kwa kusuguliwa na upinde wenye singa za mkia wa farasi, kama zeze la Wagogo lisuguliwavyo kwa upinde wake. Wapigaji hawana mtu wa kusimama mbele yao na kuwapungia fimbo. Hutazamana, husikilizana, na huvuta pumzi pamoja. Mtu aimbaye katika kwaya ya sauti nne atafahamu mara moja, maana mpango wao ni kama wetu: sauti ya juu, mbili za kati, na besi.

Huyo Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria, mwana wa fundi wa magurudumu. Alitunga kwarteti zaidi ya 60, na watunzi waliomfuata, Mozart na Beethoven, walijifunza kwake namna ya kuutunga muziki wa watu wanne. Mwaka 1797 alitunga wimbo wa kumwombea Kaisari. Kisha akauchukua wimbo huo akautia katika kwarteti yake moja, na jinsi alivyoutia ni ajabu. Kwanza fidla ya kwanza hupiga wimbo, na wengine humfuata. Baada ya hapo wimbo wenyewe haubadiliki, bali hupita mikononi. Fidla ya pili huuchukua, na ile ya kwanza huizunguka kwa noti ndogo ndogo kama ndege azungukaye mti. Kisha chelo huuchukua. Kisha viola. Mwisho hurudi kwa fidla ya kwanza. Kila mmoja hupewa, na kila mmoja hutoa. Usiku ule, kabla sijajua habari hizi, nilijiuliza ni nani mkubwa katika wale wanne, nisipate jibu.

Sasa sikilizeni habari za wapigaji wenyewe. Norbert Brainin alizaliwa mjini Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1923. Peter Schidlof alizaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Göllersdorf, si mbali na Vienna. Siegmund Nissel alizaliwa mwaka huo huo wa 1922 mjini München, Ujerumani, akahamia Vienna akiwa mtoto. Wote watatu walikuwa Wayahudi, na wote watatu walijifunza fidla. Mwezi wa Machi mwaka 1938 Hitler akaitwaa Austria, na Wayahudi wakaanza kuteswa na kufukuzwa. Vijana hao wakakimbilia Uingereza, kila mmoja kwa njia yake.

Vita vilipokuwa vikali, mwaka 1940, serikali ya Uingereza ikaogopa wapelelezi, ikawakamata watu waliotoka Ujerumani na Austria, hata wale waliomkimbia Hitler. Jambo kama hilo halikuwa geni hata kwetu. Wazee wa makanisa ya Kilutheri katika Tanganyika walisimulia jinsi wamisionari wengi wa Kijerumani walivyochukuliwa na kufungwa makambini vita vilipoanza, na walimu na wachungaji Waafrika wakabaki kulishika kanisa. Basi vijana hao nao wakatiwa kambini. Brainin na Schidlof wakakutana katika kambi moja ya bara. Brainin akafunguliwa mapema, na Schidlof akapelekwa Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Huko akakutana na Nissel. Ndani ya seng'enge walipiga fidla zao.

Walipofunguliwa, mwalimu mmoja mkuu wa fidla aliyekuwa London, jina lake Max Rostal, aliyekuwa Myahudi na mkimbizi kama wao, akawafundisha bila malipo. Mimi niliye mwalimu nilisimama hapo nilipoisoma habari hiyo, nikafikiri: mwalimu huyo hakujua atavuna nini. Kwake wakaungana na mpiga chelo kijana, Martin Lovett, mzaliwa wa London wa mwaka 1927. Sasa wakawa wanne.

Lakini palikuwa na shida, nayo ndiyo shina la habari yangu. Kwarteti yataka fidla mbili tu, nao walikuwa na wapiga fidla watatu. Na mpiga fidla aliyefundishwa vizuri hapendi kuiacha fidla yake, maana ndiyo ichukuayo wimbo na ndiyo isifiwayo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikuwa watatu. Basi Schidlof akaiweka fidla yake chini, akashika viola. Hakuwa mpigaji dhaifu aliyesukumwa nyuma. Alikuwa mpiga fidla hodari. Naye Nissel akaketi kiti cha fidla ya pili, ambayo siku nyingi huishi katika kivuli cha ya kwanza.

Wala Brainin, aliyepewa fidla ya kwanza, hakukosa kutoa chake. Walipojionyesha mara ya kwanza, mwezi wa Julai mwaka 1947 huko Dartington, kusini-magharibi ya Uingereza, kundi liliitwa Kwarteti ya Brainin. Baadaye jina lake likaondolewa. Wakachagua jina la Amadeus, lililo jina moja la Mozart, na maana yake kwa Kilatini ni kumpenda Mungu. Mozart mwenyewe alibatizwa kwa jina hilo katika Kiyunani, Theophilus, jina la yule Theofilo ambaye Luka alimwandikia Injili yake. Hivyo mmoja aliacha ala yake, mmoja aliacha kutangulia, na mmoja aliacha jina lake. Ndipo tarehe 10 Januari 1948 walipoingia Wigmore Hall, ukumbi wenye sifa mjini London. Mwanamke mmoja mwanamuziki, Imogen Holst, ndiye aliyetoa paundi 100 za kugharimia siku ile, kwa kuwa aliwaamini. Ukumbi ukajaa.

Toka siku hiyo watu hao wanne hawakuachana. Miaka ikapita, 10, 20, 30, karibu 40, nao ni wale wale. Walisafiri Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi. Walikwenda hata Ujerumani, nchi iliyowafukuza watu wao, wakaketi mbele ya watu wa huko wakawapigia Mozart, Beethoven na Schubert, na sahani zao nyingi walizipigia kampuni ya Kijerumani. Na wimbo ule wa Haydn niliousikia redioni, je, mwajua habari yake? Mwaka 1922 ulifanywa wimbo wa taifa la Ujerumani, na hata leo ndio. Hitler na watu wake waliuimba wakati wa maovu yao. Wakimbizi hawa wangeweza kuuchukia. Lakini waliupiga kama ulivyotungwa, yaani kama sala, wakapokezana.

Msidhani kwamba watu wanne waweza kukaa pamoja miaka 40 bila kugombana. Waligombana sana juu ya muziki: upesi kiasi gani, sauti kubwa kiasi gani, nani apungue ili mwingine asikike. Lakini ugomvi wao ulikuwa juu ya wimbo, haukuwa juu ya kiti. Kiti kilikwisha amuliwa. Mimi na wenzangu tuligombania kiti, na wimbo tukauacha ufe.

Mtunzi mkuu wa Uingereza, Benjamin Britten, alipokuwa mgonjwa, alitunga kwarteti yake ya tatu kwa ajili yao. Mwezi wa Septemba 1976 wakamwendea wakampigia, ili aisikie na kuwaelekeza. Tarehe 4 Desemba akafariki. Tarehe 19 ya mwezi ule ule wakaipiga mbele ya watu, katika ukumbi wa Snape, karibu na nyumbani kwake. Nilipoyasoma hayo nikakumbuka sisi watatu kaburini.

Kisha ukaja mwaka 1987. Mwezi wa Agosti Schidlof akafariki ghafula. Wengine watatu walikuwa wazima, wenye sifa, na wapiga viola wazuri walikuwako wengi ambao wangefurahi kuitwa. Lakini hawakumwita mtu. Walisema basi, na Kwarteti ya Amadeus ikaisha siku hiyo. Wakaendelea kufundisha vijana, lakini kwa jina lile hawakupiga tena. Brainin alifariki mwaka 2005, Nissel mwaka 2008, na Lovett, aliyekuwa mdogo wao, mwaka 2020.

Tazameni basi: aliyeondoka hakuwa mwenye fidla ya kwanza. Alikuwa yule aliyeshuka, yule wa sauti ya kati ambayo msikilizaji hawezi kuitaja akitoka ukumbini. Alipoondoka yeye, waliobaki waliona kwamba nyumba haina nguzo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho juu ya viungo vya mwili, na vile vionekanavyo kuwa vinyonge. Nimelifundisha somo hilo darasani zaidi ya mara kumi, nami sikujua kwamba linanihusu.

Hapo mwanzo nilifurahi kwa sababu mbaya. Nikasema moyoni, "Vema! Hata wale wakuu walinyamaza mwenzao alipokufa. Basi na sisi tunyamaze, ndiyo heshima ya Mzee." Lakini udhuru huo haukudumu. Nilijua kwamba iko kwarteti nyingine, ya Juilliard, iliyoanzishwa New York mwaka 1946, na yenyewe ilifuata njia nyingine. Mmoja akiondoka, mwingine alipokewa. Mpaka leo ipo, na wale wanne wa kwanza hakuna hata mmoja aliyebaki ndani yake. Njia zote mbili ni za heshima. Lakini ipi ni yetu? Wale wa Amadeus walikuwa na haki ya kunyamaza, maana kazi ile ilikuwa yao. Wimbo wa kanisa si mali ya walimu wanne. Watu wa kijiji wanaoa, wanazaa, wanazika, na wanataka kuimbiwa. Na tena, mimi sikunyamaza kwa ajili ya kumheshimu Mzee. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukaa mahali pake.

Nikaenda kwa Mama, mjane wake, kumwamkia. Nilikuwa nimekawia sana kwenda, nalo ni kosa jingine. Akanikaribisha kwa upole, akanipa chai. Nikamwuliza kama Mzee aliacha daftari la nyimbo, maana nilitaka kuitazama sauti ya tatu. Akaingia chumbani akaniletea daftari la shule, lililofungwa kwa kitambaa. Akasema, "Mwanangu, nilijua utakuja. Nilikuwa nikikungoja."

Nikalifungua nyumbani usiku. Kila wimbo wetu ulikuwamo, umeandikwa kwa sol-fa kwa mkono wake mzuri, sauti ya tatu peke yake. Na juu ya noti, kwa penseli, palikuwa na alama ndogo ndogo. Sikuzifahamu mpaka nilipofika ukurasa wa tano, ambapo aliandika maneno machache chini ya alama moja: "Hapa avuta pumzi. Shikilia." Nikafuata wimbo kwa sauti ya chini chini, nikatambua. Aliyevuta pumzi ni mimi. Kila mahali ambapo pumzi yangu ilinikatikia katikati ya mstari, Mzee alikuwa amepaandika, ili ashikilie noti yake na wimbo usionekane kuwa na tundu. Kwa miaka yote ile watu walinisifu kwamba nina pumzi ndefu. Sikuwa nayo. Ilikuwa yake.

Asubuhi nilipofika shuleni niliwaendea wale wawili nikaomba radhi, kisha nikamwendea yule kijana. Tukaanza Jumamosi ile ile. Sauti ya tatu ni ngumu, ndugu wasomaji. Mara nyingi najikuta nimepanda juu bila kujua, nikamfuata kijana katika wimbo wake, na mwenzangu wa besi hunikanyaga mguu. Jumapili ya mwisho wa mwezi uliopita tuliimba kanisani, mara ya kwanza tangu msiba. Watu walipotoka wakamshika kijana mkono. Mama alikuwako, ameketi karibu na mlango. Aliponipita hakusema neno, ila alitikisa kichwa kidogo, kama mtu akubaliye hesabu iliyotoka sawa.

Daftari ninalo mimi sasa. Kurasa za mwisho zilikuwa tupu, nami nimeanza kuziandika, nyimbo mpya, sauti ya tatu peke yake. Kijana huyu ana sauti nzuri kuliko ilivyokuwa yangu, lakini katika ubeti wa pili, karibu na mwisho, pumzi humwishia. Yeye hajui. Nimepatia alama kwa penseli.